Mali Ndogo, Ugomvi Mkubwa: Makosa Yetu Kuhusu Urithi

(Mazungumzo ya radio, Bukavu. Kipindi cha elimu ya raia na amani.)

Ninawasalimu ninyi mlio katika nyumba zenu hapa Ibanda, Kadutu na Bagira. Na kwa namna ya pekee ninawasalimu ninyi mliokimbia vita, mnaolala kwa ndugu, kanisani au shuleni, na nyumba zenu ziko mbali kule Kalehe, Kabare, Walungu, Mwenga, Fizi au Shabunda.

Leo hatuzungumzi juu ya bunduki. Tunazungumza juu ya vita ingine isiyo na mlio, ile inayoanza siku tunaporudi kutoka makaburini. Ni ugomvi wa urithi. Jamaa nyingi zilizopita katika vita ya 1996, ya 1998 na ile ya mwezi wa sita 2004 bila kutengana, zimetengana kwa sababu ya parseli moja ya marehemu. Kwa hiyo tusidhani kwamba mambo haya hayahusu amani.

Niwaambie kwanza yaliyotupata sisi wenyewe. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 2004, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Alituachia parseli ndogo huku Kadutu, yenye nyumba ya mbao. Wakati wa kuinunua, yeye alikuwa akifundisha mbali, akatuma pesa kwa kaka yake mkubwa ili amnunulie. Karatasi ya mauzo ikaandikwa kwa jina la yule baba mkubwa. Baba aliporudi hakuibadilisha. Alisema: "Huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja."

Siku ya kuondoa matanga, baba mkubwa akasimama mbele ya watu akasema kwamba parseli ni ya jamaa na karatasi iko kwake. Mama akaambiwa arudi kwao. Miaka saba ikapita katika ofisi na tribinali. Mwaka 2011 mzee mmoja jirani, aliyetia saini kama shahidi siku ya mauzo, aliitwa katika kikao cha jamaa, akasema ukweli wote. Tukarudishiwa parseli, lakini tulilazimika kuuza kipande chake kulipa madeni ya kesi. Baba mkubwa naye alifariki mwaka 2015. Sisi hatukuketi kwenye kilio chake, na watoto wake hawakututuma habari.

Nilipokwenda kusoma sheria chuoni, nilikuwa ninatafuta kosa la baba mkubwa. Nikagundua kwamba hakuwa mwizi. Aliamini kweli kwamba mkubwa ndiye mwenye mali. Na baba yetu, mtu aliyefundisha wengine kuandika, hakuwa ameandika hata mstari mmoja juu ya mali yake. Wote wawili walikosa, na sisi watoto tukalipa. Ndiyo maana leo nataka tuangalie makosa sita tunayoyasikia kila siku, moja baada ya lingine.

KOSA LA KWANZA: "Urithi ni mambo ya matajiri."

Wengi wanasema: "Mimi nina nini cha kuandika? Nina nyumba ya mbao na mbuzi wawili." Ndugu yangu, tajiri akifa ana avoka wake. Maskini akifa anaacha nyumba moja, na nyumba moja haikatwi vipande sita. Mali ikiwa ndogo ndipo kila mtu anapoihitaji zaidi.

Tena, hesabu vizuri. Uko na parseli. Uko na shamba la mihogo. Uko na pesa ndani ya MUSO au likelemba. Uko na pesa kidogo kwenye M-Pesa au Airtel Money. Kuna mtu uliyemkopesha, na kuna mtu anayekudai. Hayo yote ni urithi. Hata deni ni sehemu ya urithi, kwa maana madeni ya marehemu yanalipwa kwanza, ndipo watu wanagawana kinachobaki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KOSA LA PILI: "Kuandika wosia ni kuita kifo."

Kosa hili ndilo linalotufunga mdomo. Mume akianza kuandika, mke anaogopa. Mke akiuliza karatasi ya parseli iko wapi, shemeji wanasema anataka kumwua mumewe. Lakini tuulize: ni nani katika Kivu asiyejua kwamba anaweza kufa bila taarifa? Vita ilipofika hapa Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, watu walikimbia usiku bila kuchukua hata shuka. Wosia haukuwaita wale waliokufa, na kutoandika hakukuwalinda.

Sasa sikilizeni habari njema. Sheria yetu ya jamaa, ile ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inaruhusu mtu aandike wosia wake mwenyewe nyumbani. Hakuna haja ya muhuri wala ya pesa. Masharti ni matatu: uandike wote kwa mkono wako mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, uweke tarehe, na uweke saini yako. Kaye na biki vinatosha. Lakini ukimpa kijana wa kompyuta akuandikie, nawe ukatia saini tu chini, huo si wosia wa mkono, na unaweza kukataliwa.

Asiyejua kuandika afanye nini? Aende kwa noteri au kwa afisa wa etasivili pale komini, aseme maneno yake, nao wayaandike.

Kuna pia wosia wa mdomo, lakini huo una mipaka. Ni kwa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wawili au zaidi walio watu wazima. Na haubebi mambo makubwa: ni maziko, zawadi ndogo, na nani atalea watoto. Kwa hiyo usiseme, "Nilimwambia mwanangu kwamba nyumba ni yake, inatosha." Haitoshi. Na ile sauti uliyoituma kwa simu, sheria haijaiweka kati ya aina za wosia.

KOSA LA TATU: "Mkubwa ndiye mwenye mali."

Hili ndilo kosa lililotuumiza sisi. Kama hakuna wosia, sheria inasema mrithi aliye mkubwa kwa umri ndiye anayesimamia kazi ya kugawa. Akikataa, warithi wanachagua mwingine, na tribinali inathibitisha. Watu wamesikia nusu ya maneno hayo. Wamesikia "mkubwa" na "kusimamia", basi wakaelewa "mwenye mali".

Kusimamia si kumiliki. Mkubwa ni kama mama anayeshika mwiko kwenye chungu. Anapakulia wote, naye ana sahani yake kama wengine. Anaorodhesha mali, analipa madeni, anawapa warithi sehemu zao, anatoa hesabu. Na sheria haisemi mkubwa awe mwanaume. Kama kifungua mimba ni dada, ni yeye.

KOSA LA NNE: "Mjane na mabinti hawana kitu."

Hapa ninaomba tuchukue kaye tuhesabu pamoja. Tuseme baba amefariki. Ameacha mke wa ndoa, watoto wanne, mama yake mzazi, na ndugu zake. Waliinunua parseli pamoja wakiwa ndani ya ndoa. Parseli na nyumba ni dola 8.000, na hakuna deni.

Hatua ya kwanza si urithi. Bwana na bibi wasipochagua njia ingine siku ya ndoa, sheria inawaweka katika ushirika wa mali waliyopata pamoja. Kwa hiyo nusu, dola 4.000, ni ya mama tayari. Hakuirithi, ni jasho lake. Marehemu ameacha ile nusu ingine tu.

Hatua ya pili, tunagawa zile dola 4.000 za marehemu. Robo tatu, yaani dola 3.000, ni ya watoto. Wako wanne, kila mmoja anapata 750. Msichana 750, mvulana 750. Aliyeolewa 750, asiyeolewa 750. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lakini baba alimkubali kwa sheria wakati wa uhai wake, naye ni mmoja wao. Mtoto aliyekubaliwa kwa adopsio vilevile.

Hatua ya tatu, robo iliyobaki, dola 1.000, ni ya makundi matatu: mjane, kisha wazazi wa marehemu, kisha ndugu zake. Kila kundi linapata sehemu moja ya kumi na mbili ya urithi, yaani karibu dola 333. Angalieni vizuri: ndugu wote wa marehemu, hata wakiwa kumi, wanagawana hizo 333. Hawakuja kuchukua nyumba.

Na juu ya hayo, sheria inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo ina masharti yake, hasa kama ataolewa tena, lakini hakuna shemeji mwenye ruhusa ya kumtoa nje na masufuria yake wakati wa kilio. Mambo hayo hayo ni ya mwanaume aliyefiwa na mkewe.

Najua wazee wengine wanasema: "Msichana ataolewa, atapeleka shamba letu kwa watu wengine." Wazee wangu, ninaheshimu wasiwasi huo, kwa sababu udongo wetu ni mdogo na milima imejaa. Lakini tuangalie vita ilivyotufunza. Ni nani aliyerudi na watoto wa ndugu waliokufa, akawalea? Mara nyingi ni yule binti tuliyesema hana sehemu.

KOSA LA TANO: "Tulifunga ndoa kanisani, basi."

Ndoa ya kanisa ni baraka, siikatai. Lakini mbele ya leta ndoa ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa etasivili, au ile iliyofungwa katika jamaa kwa mila, na mahari, kisha ikaandikishwa. Wamama wengi wamejua jambo hili siku ya kilio, walipoulizwa: "Karatasi yako iko wapi?" Mume wa miaka ishirini amezikwa, naye mama anaitwa rafiki tu. Ninyi mnaoishi pamoja na mahari imetolewa, nendeni kuandikisha. Na ninyi mnaoishi pamoja bila kitu chochote, jueni kwamba mnawajengea watoto wenu nyumba isiyo na msingi.

Kwa watoto ni vivyo hivyo. Mtoto anaandikishwa bure etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, na hapo kuna safari na gharama. Na wewe baba uliye na mtoto nje, mkubali ungali hai. Sheria yetu inasema kila mtoto Mukongomani anapaswa kuwa na baba. Usimwachie mtoto kazi ya kujitambulisha mbele ya jeneza lako.

KOSA LA SITA: "Tulikimbia, kwa hiyo shamba limekwisha. Amepotea, kwa hiyo amekufa."

Haya ninawaambia hasa ninyi mliohama. Kukimbia vita si kuuza. Haki uliyokuwa nayo juu ya parseli yako haikufa siku ulipofunga mlango.

Lakini tuelewe ni haki gani. Kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo ni wa leta. Sisi tunapata haki ya kuutumia. Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni sertifika inayotolewa na ofisi ya hati za udongo. Karatasi ya mauzo na fishi ya parseli zinasaidia, lakini hazilingani nayo. Na huko vijijini katika Bushi wengi hawana karatasi kabisa, wana mila. Hapo tutofautishe. Aliyepewa shamba kwa kalinzi, akatoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa udongo, haki yake inaendelea kwa watoto wake. Aliyelima kwa bwasa alikodi tu kwa muda, hana shamba la kuwaachia watoto. Ugomvi mwingi unatoka hapo: mzee alikufa bila kuwaambia watoto kama lile shamba la bondeni ni kalinzi au bwasa. Watoto wanapigania kitu kilichokuwa cha jirani.

Na juu ya waliopotea: mtu ambaye hatuna habari zake si marehemu. Hakuna ruhusa ya kugawa mali yake kwa haraka. Tribinali inaweza kumchagua mtu wa kusimamia mali hiyo, na hatimaye inaweza kutangaza kifo kwa hukumu ikiwa mambo yanaonyesha hivyo. Mpaka hapo, mkewe na watoto waachwe mahali pao. Tumeona watu wanarudi baada ya miaka mingi msituni au uhamishoni, wakakuta nyumba imeuzwa na kaka zao. Mtu wa namna hiyo anarudije katika amani?

SASA TUFANYE NINI?

Mtaniambia: "Ofisi nyingine zimefungwa, majaji wamehama, faili zimepotea." Ni kweli kwamba katika nyakati kama hizi ofisi si kitu cha kutegemea. Ndiyo sababu nawaomba tuanze na kile kisichohitaji ofisi.

Jioni hii au kesho, chukua kaye. Andika parseli au shamba lako liko wapi, na majirani wa pande zote nne ni nani. Andika nani alikuuzia au alikupa, mwaka gani, kwa kitu gani, na mashahidi walikuwa nani. Kama karatasi iko kwa jina la mtu mwingine, andika sababu yake, na mtafute mtu huyo atie saini angali hai. Andika madeni ya pande zote mbili, na akiba ya MUSO. Andika majina ya watoto wako wote, ninasema wote. Kisha andika wosia wako kwa mkono wako, kwa tarehe na saini. Ukumbuke tu kwamba wosia hauwezi kuwanyang'anya watoto robo tatu yao ili kumpa mmoja unayempenda, isipokuwa kwa makosa makubwa ambayo sheria yenyewe imetaja.

Usiweke kaye hiyo mahali pamoja tu. Moja ibaki nawe, nakala impe mtu mwaminifu asiyelala katika nyumba yako. Piga picha kwa simu, umtumie mtoto aliye mbali. Picha haichukui nafasi ya karatasi, lakini inasaidia kukumbuka siku karatasi imeungua.

Na jambo la mwisho ni gumu kuliko yote: sema. Waite mke wako au mume wako, watoto, na ndugu zako, uwaambie yaliyoandikwa. Wosia unaojulikana na wote unapunguza moto. Wosia unaotoka chini ya godoro baada ya maziko unaweza kuuwasha.

Kwenu wakubwa wa avenyu, wachifu, wachungaji na mapadri: ninyi mko kwenye kilio kabla ya jaji yeyote. Ninawaomba mambo matatu. Msikubali mjane afukuzwe wakati wa matanga. Msitie saini karatasi ya kuuza parseli ya marehemu kama hamjawaona mjane na watoto wote, pamoja na wasichana. Na mnapopatanisha jamaa, andikeni PV, kila mmoja atie saini au kidole, na kila upande upate nakala. Neno la mzee ni zito, lakini mzee naye anakufa. Kama yule jirani yetu angekufa kabla ya mwaka 2011, ukweli wa parseli yetu ungezikwa pamoja naye.

Ndugu wasikilizaji, mwaka uliopita nilikwenda kumtafuta mtoto wa kwanza wa baba mkubwa. Tulikuwa hatujasalimiana tangu utoto. Aliniambia maneno haya: "Sisi nyumbani tuliambiwa kwamba ninyi ndio mliotuibia." Tulikaa muda mrefu bila kusema kitu. Kila upande ulikuwa umelelewa na hadithi yake, na hakuna karatasi ya baba yangu wala ya baba yake iliyotusaidia kujua ukweli mapema. Sasa tunasalimiana. Watoto wetu wamecheza pamoja mara moja. Kutoka 2004 mpaka siku hiyo, tulipoteza zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya parseli ambayo ukurasa mmoja wa kaye ungetosha kuilinda.

Usiwaachie watoto wako hadithi mbili. Waachie ukurasa mmoja.

Amani iwe katika nyumba zenu, zile mnazokaa leo na zile mnazongojea kurudia.